Mbwa wa Kiki na Mbwa wa Nyumba: Ikola Haihitaji Husky

Siku hizi staa wa Bongo akiishiwa stori ya kuposti, ananunua mbwa. Yupo msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye kila akikaribia kuachia ngoma mpya lazima aonekane na mbwa mpya kwenye gari. Ngoma ikishapoa, mbwa naye haonekani tena. Yupo na mrembo mmoja wa mjini, jina lake nalo kapuni, aliyemfungulia Husky wake ukurasa wa Instagram, na yule mbwa ana wafuasi wengi kuliko wasanii kibao wanaochipukia. Watu wanalaiki, wanacheka, wanapita.

Yakiishia Masaki au Mbezi Beach, sawa tu. Kule mwenye mbwa ana kiyoyozi, ana kijana wa bustani, na daktari wa mifugo anapigiwa simu anakuja na gari lake. Balaa linaanza pale fasheni hiyo inapopanda basi, ikashuka Mpanda, halafu ikala vumbi zaidi ya kilomita 100 mpaka Ikola, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Kule yupo mvuvi mmoja kijana, mwenye boti na mashine yake, ambaye msimu wa dagaa ulipomnyookea aliagiza Husky. Nyumba ni ya bati, dari hakuna, uani kuna mwembe mmoja tu wa kivuli. Siku mbwa anafika, nusu ya kijiji ilikuja kupiga naye picha. Mwezi haukuisha, mbwa akawa ni wa kushinda amelala kwenye tope la bombani, ulimi nje, ugali hataki. Watu wakaanza kusema karogwa.

Hajarogwa mtu hapo. Kilichotokea ni kwamba mbwa alichaguliwa kwa kuangalia simu badala ya kuangalia nyumba. Na kosa hilo halimuumizi mbwa peke yake. Linaumiza mfuko, linaumiza ujirani, na likifika pabaya linaweza kumtoa mtoto roho.

Joto halijali laiki

Husky ni mbwa wa Siberia. Wachukchi wa kule walimfuga avute mizigo juu ya theluji, ndiyo maana ana manyoya ya tabaka mbili, la chini zito kama blanketi. Mtu akisikia joto jasho linamtoka mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo: anajipoza kwa kuhema, na jasho lake ni kidogo tu kwenye nyayo. Sasa mvalishe blanketi mbili, mweke chini ya bati la mwambao mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, halafu mtu ashangae kwa nini hachezi.

Wajanja wanasema dawa ni kumnyoa. Hapana. Manyoya yale yale ndiyo yanayomkinga na jua kali, na yakinyolewa ovyo ngozi inaungua na mara nyingine hayaoti tena vizuri. Mbwa wenye pua bapa nao, kina Pug na French Bulldog ambao mastaa wanawabeba kama mkoba, wana shida yao: njia zao za hewa ni finyu, wanakoroma hata wakiwa macho, na joto likizidi wanaweza kufa kwa kukosa pumzi. Picha haionyeshi mkoromo.

Halafu kuna mbung'o

Hili mastaa wa Dar hawalijui kabisa, na wauza mbwa wa mtandaoni hawalisemi. Katavi ni nchi ya miombo, ya hifadhi, ya nyati na viboko, na kwa hiyo ni nchi ya mbung'o. Wafugaji wa ng'ombe wanajua nagana ni nini. Wengi hawajui kwamba mbwa naye anaipata, na mbwa wa damu ya kigeni inampiga vibaya sana. Homa inapanda, anakonda, uso unavimba, macho yanaingia ukungu wa rangi ya buluu kama mtu aliyepakwa maziwa. Asipotibiwa mapema, ni suala la wiki tu.

Ongeza kupe na homa zake. Ongeza pavo, ugonjwa wa kuhara damu unaofagia watoto wa mbwa ndani ya siku chache kama hawakuchanjwa. Dawa na chanjo zipo nchini, lakini afisa mifugo wa kata ana ng'ombe, mbuzi na kuku wa watu wengi wa kuwahudumia, na duka kubwa la dawa za mifugo lipo mbali. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuuliza bei ya mbwa ni hili: akiumwa usiku wa Jumamosi, nani atamtibu, na kwa usafiri gani? Nyumba isiyo na jibu haijawa tayari kwa mbwa wa malaki.

Koko naye hana kinga ya muujiza, tuelewane. Anaumwa, anakufa. Ila mama yake na bibi yake waliishi hapo hapo, na aliyebaki hai ni yule aliyeweza kuvumilia. Mbwa wa katoni aliyetoka kwa mfugaji wa mjini anaanza darasa hilo siku anayoshuka kwenye basi.

Ziwa likifungwa, mbwa anakula nini?

Twende kwenye hela. German Shepherd mkubwa ana kilo 30 hadi 40. Rottweiler dume anaweza kupita kilo 50. Shepherd wa aina hiyo anahitaji karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, yaani kama kilo 15 kwa mwezi, mwaka mzima, na anaishi miaka 10 na zaidi. Koko wa kilo 15 anatosheka na nusu ya hapo.

Msimu ukiwa mzuri nani anahesabu? Dagaa wapo, migebuka wapo, utumbo wa samaki unatupwa. Lakini mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu mizima. Sababu yake ilieleweka, lakini katika nyumba inayoishi kwa ziwa miezi mitatu ni mirefu, na watu wanapunguza milo. Mbwa mkubwa hapunguzi. Akikosa nyumbani anatoka, anaingia kwenye mabanda ya kuku ya jirani, analala jalalani, anaungana na kundi la mitaani. Hapo ndipo mbwa wa kifahari anapogeuka kesi ya mwenyekiti wa kijiji.

Na hata cha kumlisha kina masharti. Kuna watu wanamlisha mbwa unga ulioota ukungu kwa sababu hawawezi kuula wao. Sumukuvu inayomdhuru mtu inamdhuru na mbwa, ini lake linaharibika. Unga usiofaa kwa ugali wa watoto haufai kwa bakuli la mbwa pia.

Mbwa wa mtu mmoja kwenye nyumba ya watu saba

Hapa ndipo Ikola inapotofautiana na mjini. Dagaa wanavuliwa usiku, kwa taa, hasa giza likiwa zito. Maana yake ni kwamba usiku ule ule ambao nyumba inahitaji ulinzi, baba yupo ziwani. Aliyebaki ni mama, watoto, pengine na bibi.

Sasa vijana wanapenda mbwa anayemsikiliza mtu mmoja tu. Wanajisifu: "Huyu akimuona mtu mwingine zaidi yangu, kimenuka." Hiyo ni sifa ya mbwa wa polisi mwenye mwongozaji wake aliyefunzwa, siyo ya mbwa wa nyumbani. Mbwa wa nyumba ya mvuvi anatakiwa amtii mama mwenye nyumba kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiye atakayekuwa naye saa nane usiku. Boerboel wa kilo 60 ambaye mama hawezi kumshika kamba si ulinzi. Ni mfungwa wa pili ndani ya nyumba, na mama ndiye wa kwanza.

Tena ni vizuri kujua mwizi wa nyavu na mashine za boti anaogopa nini. Hasomi kwanza cheti cha ukoo cha mbwa. Anaogopa kelele. Mbwa wa kilo 15 anayebweka kwa wakati, akaamsha nyumba tatu, amemaliza kazi. Meno ni ziada, na ziada hiyo mara nyingi inamkuta mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Halafu kuna zile imani za kumlisha mbwa pilipili, nyuki au bangi ili awe mkali. Mbwa hapati ukali pale, anapata maumivu na hofu. Mbwa mwenye hofu anauma ovyo. Kumfunga mnyororo kutwa nzima nako kunazaa kitu hicho hicho. Tabia ya mbwa inajengwa akiwa mdogo, kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14: akizoeshwa watu, watoto, kuku, pikipiki na kelele za mnadani katika wiki hizo, atakuwa mtulivu. Akipitisha wiki hizo ndani ya boksi na kwenye buti la basi, hakuna aina ya mbwa duniani itakayofuta hasara hiyo.

Hapa sio utani

Kichaa cha mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania inapoteza watu karibu 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu. Dunia nzima makadirio ni takriban watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa sababu ya mbwa, na kama wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso. Lakini mtu aliyeumwa akioshwa kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akawahishwa hospitali kupata chanjo na akamaliza dozi zote, anapona. Anayeanza kwa kupaka majivu au kusubiri "tuone kwanza" anacheza na kaburi.

Kwa hiyo mazungumzo ya "mbwa gani mzuri" bila chanjo ni porojo. Kirusi hakibagui Husky wala koko. Mtoto wa mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na chanjo inalinda kijiji kizima pale mbwa wengi wanapoipata. Lengo linalotajwa na wataalamu ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Pemba walichanja mbwa kisiwa kizima mwaka hadi mwaka mpaka ugonjwa ukatoweka. Nao hawakufika hapo kwa kununua mbwa wa bei.

Kwa Katavi kuna sababu nyingine. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, kama simba 1,000, na mbwa wa vijiji vya jirani walitajwa kuwa chanzo. Mkoa wenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi una kila sababu ya kuogopa mbwa asiyechanjwa anayezurura. Mtu anayejisifu kwa watalii na simba wa mkoa wake, huku mbwa wake hajawahi kuona sindano, anajipiga ngwala mwenyewe.

Jirani naye ana haki yake

Ikola ina Wakristo na ina Waislamu, na nyumba zimekaribiana. Kwa jirani Muislamu, mate ya mbwa kwenye chombo au nguo ni najisi, ataosha mara saba, moja kwa udongo, kisha ndipo aswali. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, kwa hiyo ugomvi hauletwi na mbwa kuwepo. Unaletwa na mbwa kuachiwa arambe masufuria ya watu bombani. Mbwa mkubwa mchangamfu anayerukia kila mpita njia ni burudani kwenye video ya sekunde 15, lakini kwa mzee anayeelekea msikitini alfajiri ni kero kubwa. Anayechagua mbwa aangalie kwanza ua. Kama hakuna ua, hakuna mbwa mkubwa. Mjadala umefungwa.

Nani amfuge nani?

Haimaanishi mbwa wa kigeni wapigwe marufuku. Mwenye ghala la mazao, nyumba ya wageni au yadi ya mizigo, iwe Mpanda mjini au kule Karema ilipojengwa bandari, mwenye ukuta, mlinzi wa kudumu na bajeti isiyotegemea mwezi wala mawimbi, anaweza kufuga German Shepherd na akamtendea haki. Huyo ni mbwa mwenye akili anayetaka kazi na mazoezi kila siku, na akikaa bila kazi anaharibu vitu na kuharibika mwenyewe. Anayenunua aangalie na nyonga za wazazi wake, maana aina hii ina tatizo la nyonga linalorithiwa.

Anayetaka mbwa mwenye jina lakini mwenye asili ya Afrika, yupo Ridgeback, aliyeandikiwa vigezo vyake Bulawayo mwaka 1922, manyoya mafupi, amezoea jua. Lakini naye ni mkubwa, ana nguvu, na hamfai mtu anayefuga kwa mara ya kwanza. Mfugaji wa ng'ombe hana haja ya ushauri. Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao wanatembea na mbwa wanaojua kazi, na hakuna aliyewahi kuwaomba cheti.

Na kwa nyumba ya kawaida ya Ikola, yenye watoto, mbuzi wawili, kuku na baba wa ziwani, jibu ni koko. Mbwa wa kienyeji, yule anayeitwa Simba au Popi, aliyechaguliwa mdogo kutoka kwa mama mtulivu, akachanjwa, akapewa dawa ya minyoo, akahasiwa kama hakuna mpango wa kuzalisha.

Wapo watakaocheka. Kwao koko ni mbwa wa umaskini. Basi wajue stori ya Basenji. Ni mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, ng'ambo hiyo hiyo ambayo usiku Ikola inaona taa za wavuvi wake. Hana kelele za kubweka kama mbwa wengine, hula kidogo, manyoya mafupi, na watu wa kule walimwinda naye vizazi na vizazi. Wazungu wakamchukua, mwaka 1937 akaonyeshwa London kwenye mashindano ya Crufts, na leo ni mbwa wa cheti na wa bei. Mbwa ni yule yule wa kijijini. Kilichobadilika ni nani anamsifia. Wahenga walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Aulizwe atakayemlisha

Mwisho kuna jambo ambalo kwenye mitandao halionekani kabisa. Nyuma ya kila mbwa wa staa kuna mtu asiyetokea kwenye picha: dada wa kazi anayempikia, kijana anayeokota kinyesi, dereva anayempeleka kwa daktari. Staa kazi yake ni kushika kamba dakika mbili na kutabasamu. Kijana wa Ikola anayeiga picha hiyo hana dada wa kazi wala dereva. Ana mke, au ana mama yake. Ni huyo atakayeongeza maji kwenye sufuria, atakayeamka mbwa akilia, atakayesikiliza malalamiko ya mwenye kuku, na atakayekimbia na mtoto hospitali siku ikitokea. Mara nyingi ndiye mtu pekee ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo kabla hela ya msimu haijatumwa kwa muuzaji wa mtandaoni anayesema "tuma advance nikuwekee huyu dume", kikao kifanyike sebuleni. Ua upo? Kivuli kipo? Ziwa likifungwa tena, nani anapunguziwa chakula? Mama anaweza kumshika kamba? Chanjo ya kila mwaka iko kwenye bajeti? Majibu yakiwa ndiyo, mbwa yeyote anayefaa hali ya hewa atapata nyumba nzuri. Majibu yakiwa hapana, basi hela ya Husky mmoja itumike kuwachanja mbwa wa mtaa mzima. Hiyo haitapata laiki nyingi, lakini watoto wa Ikola watacheza mpira jioni bila mama zao kuwachungulia kila dakika.